Miaka Mitatu ya Kubishana na Mjomba kuhusu Magari ya Umeme

Mwishoni mwa Machi 2023, nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria inayotaka magari mapya ya abiria yatakayouzwa kuanzia mwaka 2035 yasitoe kabisa hewa ya ukaa. Ujerumani ilikuwa imeichelewesha kura hiyo kwa wiki kadhaa, ikitaka mlango uachwe wazi kwa injini zinazotumia mafuta ya kutengenezwa viwandani. Jioni hiyo niliituma habari kwenye kundi la familia yetu, ambako tunaandikiana kwa simu, nikaongeza maneno yangu mwenyewe: kwamba injini ya dizeli imefikia mwisho wake, na anayekataa anashindana na wakati.

Mjomba wangu ametengeneza injini za dizeli kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijibu baada ya dakika chache kwa ujumbe mfupi: «Mpwa wangu, nimesoma. Swali langu ni moja tu. Barabara zitalipiwa na nani?»

Nilimjibu kwa aya tatu. Nilimweleza kwamba injini ya petroli hufikisha kwenye magurudumu chini ya theluthi moja ya nishati iliyomo katika mafuta, na nyingi iliyobaki hupotea kama joto, ilhali gari la umeme hutumia zaidi ya robo tatu ya nishati yake kusogeza gari. Nilimweleza kuhusu moshi, mapafu ya watoto na joto la dunia. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na hakuna hata sentensi moja iliyohusu barabara wala malipo yake. Ilinichukua takriban miaka miwili kuliona jambo hilo, na katika kipindi hicho nusura nimpoteze mtu aliyenilea kama mwanawe. Ninaandika haya kwa ajili ya wale walio katikati ya mabishano ya namna hii na ndugu au marafiki zao, hasa wale ambao, kama mimi wakati ule, wana hakika kwamba ukweli uko upande wao.

Kwanza niseme jinsi mabishano yale yalivyoniathiri mwilini, kwa sababu hiyo ndiyo ilipaswa kuwa dalili ya mapema. Simu ikilia usiku moyo ulinidunda. Nilikuwa nikisoma ujumbe wa mjomba kama wakili anayesoma hati ya mshitaki, nikitafuta mahali palipo dhaifu ili nipashambulie, na nikishapapata sikuendelea kusoma sehemu iliyobaki. Nilikuwa nikilala nikitunga majibu na kuamka nikiyatunga. Kazini niliwahi kukosea hesabu nyepesi kwa sababu mawazo yangu yalikuwa kwenye betri za lithiamu. Mtu akiniuliza wakati ule kwa nini suala hili linanishughulisha hivyo, ningesema ni kwa sababu ya mazingira. Leo naamini kwamba mazingira yalikuwa sehemu tu ya sababu; sehemu nyingine ilikuwa kutaka mjomba, mtu niliyemheshimu kuliko wote, akiri mbele ya familia kwamba nimemzidi maarifa.

Yeye naye alikuwa na kidonda ambacho sikukijali. Kwa miaka mingi serikali kadhaa za Ulaya zilitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli, na watengenezaji wa magari waliitangaza dizeli mpya kuwa safi. Mjomba aliwaamini, akawaambia wateja wake hivyo hivyo. Kisha tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kwamba Volkswagen imeweka ndani ya magari yake programu inayotambua kwamba gari linapimwa na kupunguza moshi wakati huo tu. Barabarani, baadhi ya magari hayo yalitoa oksidi za nitrojeni, gesi za moshi zinazodhuru mapafu, hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa, na kampuni yenyewe ilikiri kwamba programu hiyo ilikuwa kwenye magari yapatayo milioni 11 duniani. Kila nilipomtumia takwimu za magari ya umeme, mjomba aliniuliza: «Nani amepima? Na wakati ule wa dizeli safi ni nani waliopima?» Nilichukulia swali hilo kuwa ukaidi, ilhali lilikuwa swali la fundi aliyewahi kudanganywa kwa vipimo, na lilistahili jibu kamili. Jibu lilikuwapo, tena lingemfurahisha. Udanganyifu ule ulifichuliwa baada ya watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia kuyafungia magari vifaa vya kupimia na kuyaendesha barabarani badala ya kuyaacha maabara, na tangu mwaka 2017 Umoja wa Ulaya umeanza kudai vipimo vya barabarani kwa aina mpya za magari. Sikumwambia hayo, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye hoja zangu.

Tarehe 10 Oktoba 2023 moto mkubwa uliteketeza jengo la maegesho katika uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza. Zaidi ya magari elfu moja yaliharibika na sehemu ya jengo ikaporomoka. Kabla moshi haujaisha, watu wengi mitandaoni walikuwa wameshatangaza kwamba chanzo ni gari la umeme. Mjomba alituma picha ya moto huo kwenye kundi letu na maneno hayo hayo. Haukupita muda mrefu kikosi cha zimamoto kikaeleza kwamba moto ulianzia kwenye gari la dizeli.

Hapa nilikuwa sahihi bila shaka yoyote, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniumiza. Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kumtumia taarifa ya zimamoto peke yake faraghani, akairekebisha mwenyewe mbele ya watu. Badala yake niliituma taarifa ile mbele ya ndugu wote, wakiwamo vijana ambao yeye ni babu yao, nikaandika chini yake: «Dizeli, mjomba. Dizeli.» Binamu zangu wakatuma alama za kucheka. Mjomba hakuandika kitu kwa wiki mbili. Niliuchukua ukimya wake kama ushindi. Mama aliniambia baadaye kwamba ndugu yake alikuwa amemuuliza iwapo mimi bado namheshimu.

Ukitaka kumsahihisha mtu mzima, msahihishe faraghani kwanza na umpe nafasi ya kulitengua neno lake kwa mkono wake. Ukishamfedhehesha, atakuwa na sababu mbili za kukataa ukweli badala ya moja, na ile ya pili umempa wewe.

Zamu yangu ya kukosea ilifika mapema mwaka 2025. Takwimu za Norwei zilikuwa zimetoka, nami nikaandika kwa fahari kwamba karibu magari tisa kati ya kumi nchini humo sasa ni ya umeme. Mjomba hakuwa na haraka. Siku mbili baadaye aliuliza: «Tisa kati ya kumi ya yapi?» Nilirudi kusoma na nikaona. Takriban asilimia 89 ilikuwa sehemu ya magari mapya yaliyouzwa mwaka 2024. Magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa hesabu nyingine kabisa: Septemba 2024 yale ya umeme yalikuwa yameyapita yale ya petroli kwa mara ya kwanza, 754,303 dhidi ya 753,905, kati ya magari milioni 2.8 yaliyosajiliwa, na ya dizeli bado yalikuwa mengi kuliko yote. Zaidi kidogo ya robo, basi, na si tisa kati ya kumi. Gari hudumu miaka mingi. Nchi inaweza kubadili inachonunua mwaka huu na bado ikaendesha kwa miaka kumi na zaidi kile ilichonunua zamani.

Kama ningekiri kosa hilo siku ile, pengine mambo yangeishia hapo. Sikukiri. Niliandika kwamba maana ya jumla haibadiliki, kwamba anashikilia vitu vidogo, na mwisho nikaandika sentensi ambayo nilipoituma nilijua kuwa nimevuka mpaka: kwamba hatetei ukweli bali anatetea tonge lake. Alijibu kwa maneno matano, «Ahsante, mpwa wangu. Nimekusikia vizuri,» kisha akajitoa kwenye kundi.

Kwa miezi minne hatukuzungumza. Simu zangu mbili za kwanza hazikupokelewa, na sikupiga ya tatu. Mama alibeba mzigo wa kuwa katikati, akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Katika miezi ile nilirudia kusoma maandishi yetu yote tangu mwanzo, safari hii polepole, nikiwa na karatasi. Upande mmoja niliandika maswali aliyoniuliza mjomba, upande wa pili majibu niliyompa. Nawashauri walio katika hali kama yangu wafanye zoezi hili hata kama ugomvi haujafika mbali, kwa sababu macho hayawezi kukataa kilichopangwa mbele yao. Alikuwa ameniuliza kuhusu malipo ya barabara mara sita. Alikuwa ameuliza mara tatu fundi wa miaka hamsini na tisa atafundishwa na nani kazi mpya. Nilikuwa nimemjibu kwa ufanisi wa mota, umri wa betri, moshi, na mara moja kwa kumwambia kwamba historia haimngoji mtu.

Swali la barabara lilinivuta zaidi, nikaanza kulitafutia habari kwa nia ya kujua tu. Katika nchi nyingi sehemu ya fedha za serikali hutokana na kodi iliyomo ndani ya bei ya mafuta, na gari lisilonunua mafuta halilipi kodi hiyo, ingawa linatumia lami ile ile na mara nyingi ni zito zaidi kwa sababu ya betri. Iceland ilianza Januari 2024 kutoza magari ya umeme kwa kila kilomita. New Zealand, ambayo ilikuwa imeyasamehe magari hayo tozo za barabara ili kuwahamasisha wanunuzi, iliuondoa msamaha huo tarehe 1 Aprili 2024. Mawaziri wa fedha wa nchi hizo walikuwa wanahangaika na swali lile lile ambalo mjomba, mwenye mikono ya grisi, alikuwa ameniuliza katika ujumbe wake wa kwanza kabisa. Niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Nikaelewa pia kwamba ugomvi wetu haukuwa wa magari. Mabishano mengi ya magari ni siasa iliyovaa vazi la ufundi: nani atalipa, nani atapoteza kazi, nani ana haki ya kumwamulia mwenzake. Ukijibu siasa kwa ufundi, unayezungumza naye huona unamkwepa, na huwa kweli unamkwepa. Inafaa kabla ya kuandika neno lolote ujiulize kama mnatofautiana kuhusu jambo linaloweza kupimwa, au kuhusu nani abebeshwe gharama. La kwanza linaweza kumalizwa na takwimu. La pili halimalizwi hivyo, na anayelilazimishia takwimu huongeza hasira.

Kuna mtego mwingine tulioingia wote wawili, wa kuchagua hadithi ya zamani inayotufaa. Mimi nilipenda kutaja Uswidi: mwaka 1955 wapiga kura karibu asilimia 83 walikataa kuhamia upande wa kulia wa barabara, bunge likaamua kuhama hata hivyo, na tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ikahama bila maafa. Maana yake kwangu ilikuwa kwamba serikali inayojua inachofanya isiogope kelele. Mjomba alipenda kutaja Ufaransa: tarehe 17 Novemba 2018 watu waliovaa vizibao vya njano, vile ambavyo sheria ya huko inamtaka kila dereva awe navyo garini, walifunga barabara kupinga ongezeko la kodi ya mafuta, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaliondoa ongezeko lililopangwa. Maana yake kwake ilikuwa kwamba ukimbebesha mkazi wa mbali na mji, asiye na treni, gharama ya usafi wa wote, atakuzuia barabarani. Hadithi zote mbili ni za kweli. Tulizirushiana kama mawe, na hakuna aliyeuliza zinatofautiana wapi. Kubadili upande wa barabara kulimgusa kila dereva kwa namna inayokaribiana. Kodi ya mafuta ilimuuma zaidi asiye na njia nyingine ya kufika kazini.

Mfano ulionisaidia zaidi ulikuwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, nami najutia kuchelewa kuukuta. Mji huo ulianza Januari 2006 kuyatoza magari yanayoingia katikati ya mji, kwa majaribio ya miezi saba, wakati wakazi wengi walikuwa wanapinga. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban moja ya tano. Septemba mwaka huo wakazi waliulizwa kwa kura ya maoni baada ya kuyaona matokeo kwa macho yao, na waliokubali ndani ya mji wakawa wengi kuliko waliokataa. Hawakushindwa kwa hoja. Walijaribu, kisha wakaulizwa. Nimejifunza kuuliza, katika kila jambo la aina hii, kama kuna namna ya kujaribu kidogo kabla ya kuamua kwa jumla.

Mwezi wa tano wa ukimya nilikwenda karakanani kwake bila kutoa taarifa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. Nilisubiri. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini nilisema mawili tu kati ya niliyoyapanga: kwamba lile neno la tonge lilikuwa la dharau na nimelifuata hapa kuliomba msamaha, na kwamba hesabu ya Norwei aliisoma sahihi, mimi nilikosea. Kisha nikatoa ile karatasi ya maswali na majibu nikamwekea juu ya benchi. Aliifuta mikono, akaisoma yote. Alipofika mwisho alisema, «Kumbe ulikuwa unanisoma.» Nikamwambia hapana, nimeanza juzi.

Tuliongea hadi jioni. Ana kwa ana nilisikia kitu ambacho maandishi hayakuwahi kunionyesha, kwamba anaposema «haitawezekana» sauti yake si ya mtu mbishi, ni ya mtu mwenye hofu. Alinieleza kwamba anaweza kusikia kwa sikio silinda yenye hitilafu, kwamba maarifa hayo yalimchukua nusu ya maisha, na kwamba kila nilipoandika kuwa dizeli imekufa alisikia kwamba nusu ya maisha yake haina thamani. Maandishi huondoa sauti, na bila sauti hofu husomeka kama kiburi. Ukiona mabishano yamefika ujumbe wa tatu bila yeyote kusogea, piga simu au nenda ukakae naye.

Tangu siku ile tunabishana kwa utaratibu tuliokubaliana. Hakuna anayejibu usiku ule ule. Jibu husubiri asubuhi. Anayejibu huanza kwa kueleza hoja ya mwenzake kwa maneno ambayo mwenzake atakubali kuwa ndiyo aliyoyasema. Kila asilimia huja na maelezo ya asilimia ya nini, wapi na mwaka gani. Na kosa lililotangazwa mbele ya watu hurekebishwa mbele ya watu hao hao. Nilipotimiza sharti hilo la mwisho, kwa kuandika kwenye kundi la familia kuhusu Norwei na kuhusu lugha yangu, mikono ilinitetemeka. Mjomba alirudi kwenye kundi siku iliyofuata.

Utaratibu huo haujatufanya tukubaliane, lakini umetufanya tujue zaidi. Aliponiambia kwamba betri zinategemea kobalti, na kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watoto wameonekana wakifanya kazi migodini, nilianza kwa kukubali kwamba ni kweli na kwamba ni jambo zito. Kisha nikamweleza kwamba kuna betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti kabisa, zinazotumika sana China. Alikubali hilo, akauliza kuhusu lithiamu yenyewe, tukaendelea kwa wiki nzima bila mtu kuumia. Nilikiri kwake pia kwamba gari la umeme hutoka kiwandani likiwa limesababisha hewa ya ukaa nyingi kuliko la petroli la ukubwa huo kwa sababu ya betri, na kwamba muda wa kufidia tofauti hiyo hutegemea umeme unaolichaji unatokana na nini. Zamani ningelificha hilo nikiogopa kumpa silaha. Alilipokea kwa utulivu, na tangu hapo anaziamini zaidi takwimu zangu nyingine.

Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza lengo la mwaka 2035 lilegezwe, upunguzaji wa hewa ya ukaa kwa magari mapya uwe asilimia 90 badala ya 100. Mjomba alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba sheria ile haitabaki ilivyo, nami nilikuwa nimemjibu kwa jeuri. Habari hiyo niliipata kutoka kwake. Hakuituma kwenye kundi. Aliituma kwangu peke yangu, asubuhi, na chini yake aliandika: «Mpwa wangu, hili ni pendekezo tu, bado halijapitishwa. Lisome lote kwanza, kisha unieleze umelielewaje.»